Usiseme Karibu Kabla Hujamshika Wino

Jumatatu, 10 Machi

Agnella mwanangu, pokea kwanza salamu za nyumbani, habari za paka zitafuata. Baba yako Kelestini anakusalimu kutoka kijijini kwetu Mbingu, goti limepoa ila baiskeli bado hapandi. Kaka yako Evarist anakusalimu, na mkewe Levina, na mtoto wao ambaye sasa anasimama kwa kushika kinu halafu anajishangaa mwenyewe. Shangazi yako Scolastica anakusalimu na anaulizia kile kitenge ulichomwahidi. Mbuzi wote wazima, yule mweusi amezaa. Na hapa nyumbani kwako Mlabani anakusalimu paka wako Tui, amelala juu ya televisheni kama kitambaa cheupe. Wino naye anakusalimu, ingawa muda huu amenipa mgongo anautazama mlango. Mwisho nakusalimu mimi mama yako. Sijambo.

Umesema niandike mara kwa mara kwenye daftari hili, wamekula nini, wamejisaidia vipi, kama kadi ya kliniki, na Anold dereva wa ofisini kwenu atalichukua siku akiwaletea mizigo. Huko vijijini Liwale simu haishiki mpaka mpande kilima, basi nitaandika. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne, usiwaoneshe wenzako.

Sharti lako ni moja na umelisema mara tatu. Wasitoke mlango wa mbele. Wakati wa mavuno watu wa mtaa huu wanajaza mpunga ndani na kutega sumu ya panya, na paka akila panya mwenye sumu anakufa naye. Ndivyo alivyokufa Tangawizi mwaka jana, ukanipigia simu unalia mpaka nikadhani ni mtu. Nimekuelewa. Uani hakuna hatari, ule wavu uliofunika juu unatosha. Ni huu mlango wa mbele tu. Mpaka urudi mwezi wa sita, nitaulinda.

Leo wamekula ugali na dagaa. Wote wamejisaidia kwenye beseni la pumba. Vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Dagaa. Choo kizuri wote.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemjua Wino. Hakimbilii mlango. Analala pembeni ya viatu, anafumba macho, lakini sikio moja limesimama. Ukishika komeo tu, lile sikio linageuka. Kwa hiyo nikitoka natoka kwa ubavu, na nikirudi naingia kinyumenyume, nimetanguliza makalio, mfuko wa nyanya nimeushusha chini uwe ukuta. Mzee mmoja alikuwa anapita leo akanisalimu, nikaitikia nikiwa nimeinama hivyo hivyo, nusu ndani nusu nje. Sijui amewaza nini.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Wino ametoka. Usishtuke, yumo ndani, naandika yuko juu ya friji anajilamba.

Saa nne asubuhi nilikuwa nachambua mchele sebuleni, mlango nimeurudishia tu. Nikasikia hodi. Sasa mimi tangu nizaliwe, mtu akisema hodi mdomo wangu unajibu karibu wenyewe, hausubiri kichwa. Nikasema karibu. Mlango ukafunguliwa, Wino akapita katikati ya miguu ya mgeni kama maji yaliyomwagwa.

Mgeni alikuwa Balbina, jirani yako wa ng'ambo ya barabara, yule anayenunua mpunga. Ameshika bakuli la karanga za kuchemsha. Nikamruka na bakuli lake, nikatoka bila viatu. Bahati Wino hakufika mbali. Mtaroni alikutana na bata. Nadhani hajawahi kuona bata maishani mwake, akaganda, mkia umekuwa mnene kama fagio. Nikamshika shingoni.

Balbina alikuwa amekaa kwenye ngazi anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Shikamoo mama. Nimeona watu wakikimbizwa na ng'ombe, leo nimeona mtu anakimbiza paka."

"Marahaba mwanangu. Ingia haraka, funga."

Akaingia, tukala karanga. Akamwangalia Wino vizuri.

"Huyu ni mwali?" akaniuliza. "Maana amefungiwa ndani, anapakwa mafuta, hatoki. Mnamtoa lini tuje tule pilau?"

Nikacheka mpaka nikapaliwa. Tulikaa mpaka saa saba. Ni mtu wa kwanza kukaa na mimi tangu nije.

Alipoondoka nikajisema. Mdomo huu ndio utakaomuua paka wa mtu. Kuanzia leo mtu akisema hodi nitasema ngoja kwanza, nimshike Wino, nimfungie chumbani, ndipo niseme karibu.

Karanga sikuwapa.

Jumatatu, 17 Machi

Muuza vitumbua amesema hodi. Nikasema ngoja kwanza. Nilipofungua ameshafika nyumba ya tatu. Wino alikuwa chini ya kitanda, ni mwepesi kuliko mimi.

Dagaa. Tui ametapika kidogo, manyoya tu.

Jumamosi, 22 Machi

Balbina alikuja na mvua. Nikasikia hodi, nikauma ulimi, nikasema ngoja kwanza mwanangu. Wino akaingia nyuma ya kabati. Nikamvuta, akanikwaruza, akaenda chini ya kitanda. Nikachukua fagio. Balbina nje akasema hodi tena. Ngoja, nikasema. Naona ilichukua muda mrefu, kwa sababu nilipofungua kilemba chake kilikuwa kinatiririka mpaka puani. Alikuwa ameleta mlenda kwenye sahani, ameufunika kwa kiganja.

"Ingia, ingia, nilikuwa namkamata huyu."

"Hapana mama. Nilikuwa napita tu."

"Umelowa. Ingia nikupe khanga."

Akanipa sahani. "Kwako mtu anasubiri nje kama kwa daktari," akasema. "Na daktari ana benchi."

Alisema kwa kucheka lakini macho hayakucheka. Akavuka barabara. Nimeosha sahani yake jioni hii hii ili kesho niipeleke.

Jumapili, 23 Machi

Nimepeleka sahani na ndizi nne juu yake. Nimekuta wapo wateja kwenye mizani, akaipokea akaniambia asante bila kunyanyuka.

Jumapili, 30 Machi

Wiki nzima hakuna aliyesema hodi. Mbingu mlango wangu unafunguliwa alfajiri na kufungwa tukienda kulala. Mlango uliofungwa mchana kwetu maana yake wenyewe wamesafiri, au kuna mgonjwa, au wanakula nyama hawataki watu. Hapa nafunga saa zote na mimi nimo ndani nala dagaa.

Paka wazima.

Jumamosi, 5 Aprili

Zamu ya jumuiya ilifika kwako. Mwenyekiti Mzee Hermenegildi alinitangazia wiki iliyopita kanisani, nikaona siwezi kukataa sala. Nikaazima vikombe kwake. Paka wote nikawafungia chumbani kwako tangu saa kumi na moja alfajiri, nikaweka kiti kwenye mlango.

Wakaja watu kumi na wanne. Mlango wa mbele ukawa wazi, hewa ikaingia, viatu vimejaa kizingitini, nikajisikia mwenye nyumba. Tukaanza rozari. Tulipofika fungu la pili Wino akaanza. Unaijua ile sauti yake ya kunung'unika kama mtu anayedai haki. Kila tukisema utuombee, yeye anaitikia. Wanawake wakajifunika nyuso kwa khanga, mabega yanatikisika. Mzee Hermenegildi hakucheka hata kidogo. Alipofika kwenye maombi ya kila mmoja akasema, "Tuwaombee wagonjwa wetu, wasafiri wetu, na huyo aliyefungwa chumba cha pili." Hapo ndipo tuliposhindwa wote.

Balbina ni wa jumuiya hii lakini hakuja. Niliuliza, wakasema anaumwa kichwa.

Walipoondoka nikafunga mlango. Vikombe sikuviosha mpaka jioni. Vikombe kumi na vinne vichafu vinafanya nyumba ionekane ina watu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Dagaa wamepanda bei, nimewachanganyia utumbo wa perege. Wamefurahi.

Jumapili, 13 Aprili

Umepiga simu. Nilikuwa nimetoka misa ya Matawi, tawi bado mkononi. Umeuliza Wino amenenepa, nikasema ndiyo. Umeuliza Tui anatapika bado, nikasema mara moja tu. Umeuliza pumba nabadilisha kila siku ngapi. Nikasema kila siku mbili. Halafu upepo ukavuma huko kilimani kwenu, ikakatika. Nilikaa na simu mapajani mpaka saa nane nikidhani utapiga tena uniulize mimi.

Nimeandika hili kwa kalamu, halifutiki. Basi likae.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua siku ya nne bila kupumzika. Baba yako amepiga, anasema maji yamekata barabara, basi la Mlimba halipiti, hawezi kuja Pasaka kama tulivyopanga. Nikamwambia hata mimi siwezi kuja, nani atakaa na hawa.

"Mama Evarist," akasema, "hao paka unawalinda wewe au wanakulinda wao?"

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimepika kuku. Nimekula na paka.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekaa kwenye kile kiti chako cha dirishani tangu asubuhi kwa sababu hakuna kazi nyingine. Nimeona kitambaa cha kiti kimechakaa upande mmoja tu, upande unaotazama barabara. Na kwenye kabati kuna vikombe viwili, kimoja kina vumbi. Na msumari wa nyuma ya mlango wa chumba, ambao ulisema Joshua anatundika koti lake, una kamba yako ya kuruka ya zamani. Ulituambia mumeo yuko Dar kikazi. Miaka miwili mtu yuko kikazi hana hata soksi moja ndani ya nyumba.

Sikuulizi. Nasema nimeona tu.

Mwanzoni nilipoletwa hapa niliwaza, mtoto wangu amesoma mpaka amepotea, anafuga paka ndani kama wazungu wa kwenye televisheni. Leo Tui alikuja akapanda mapajani bila kuitwa, nikajikuta namwambia habari za goti la baba yako kuanzia lilipoanza kuuma. Nilimaliza zote.

Jumamosi, 3 Mei

Jua. Mavuno yameanza. Magunia ya kwanza yameshushwa kwa Balbina, ishirini hivi, yanajaa kile chumba chake cha mbele. Harufu ya mpunga mpya inaingia mpaka humu. Wino amesimama dirishani masharubu yote mbele. Baba yako na Evarist wanavuna bila mimi, mwaka wa kwanza tangu niolewe.

Ijumaa, 9 Mei

Muuza dawa mmoja mwenye kipaza sauti amepita. Panya, mende, kunguni, viroboto. Alisimama kwa Balbina muda mrefu. Nikamwona anahesabu pakiti.

Leo nimeweka ndoo ya maji nyuma ya mlango, juu yake kiti. Mimi mwenyewe nikitaka kutoka nafanya kazi dakika tano.

Jumapili, 11 Mei

Nilisema niende nimwombe Balbina. Nilijipanga njiani, ingawa njia yenyewe ni barabara tu. Nitasema mwanangu nisamehe siku ile ya mvua, na kuhusu sumu naomba usubiri kidogo.

Nikafika, nikasema hodi.

"Ngoja," akasema toka ndani.

Nikangoja. Jua lilikuwa la utosini. Nikasikia anaongea na mteja, anacheka, anapima. Nikasogea kivulini, kivuli kikaisha. Nilihesabu magunia yaliyo karibu na mlango mara mbili. Ndipo nikajua mtu anayengojeshwa mlangoni anafikiria nini. Anafikiria kwamba huyu ameniona hana haja na mimi. Nikarudi nyumbani kabla hajatoka.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nitaandika ndefu.

Nilikuwa nafua uani. Nikasikia hodi mlango wa mbele, nikafungua mdomo niseme ngoja, halafu sauti ikasema tena, "Hodi humu, Mama Evarist." Baba yako. Sikujua anakuja. Barabara imefunguliwa jana akaona aje anishangaze. Agnella, miezi miwili sijamwona. Sikumkumbuka paka, sikuikumbuka ndoo, wala sumu. Nikasema, "Karibu, karibu baba, karibu," mara tatu, na mikono ina povu, nikakimbia nikasogeza kiti na ndoo mimi mwenyewe, nikafungua mimi mwenyewe.

Baba yako alikuwa na kiroba cha mchele mpya begani na kuku mkononi. Wino alipita chini ya kuku.

Nikapiga kelele. Baba yako akadhani nimemwona nyoka akaangusha kiroba. Nikamwona Wino anavuka barabara, safari hii hakuganda, hakutazama bata wala mtu, aliifuata ile harufu moja kwa moja, akaingia kwa Balbina chini ya mlango wa mabati, pale palipokunjwa.

Sumu ilitegwa jana. Nilimwona anaitega.

Nikavuka. Sikusema hodi. Nikasukuma mlango nikaingia chumbani mwa watu. Balbina alikuwa anashona gunia.

"Mama, hapa ni ghala," akasema.

"Wino ameingia humu."

"Nani?"

"Paka. Paka wa Agnella. Ameingia, na humu kuna sumu. Mwanangu, nakuomba."

Akaendelea kuvuta ile sindano ya gunia. "Nyumba yenu haina hodi ya watu," akasema, "ila paka wenu wanaingia kwangu bila hodi."

"Nisamehe. Nilikungojesha kwenye mvua kwa sababu ya huyu huyu. Nilikuwa chini ya kitanda na fagio. Sikukudharau. Namwogopa mwanangu. Ameniachia kitu kimoja tu, na hicho ndicho kimeingia humu."

Akaniangalia. Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, sina viatu, nalia kama mtoto. Baba yako alikuwa amefika nyuma yangu, ameshika bado kuku.

"Mwanao aliniita muuaji," Balbina akasema. "Hapo barabarani, watu wanasikia. Mimi sikujua yule wa rangi ya tangawizi ana mwenyewe. Kila siku namwona nje, nikadhani ni wa mtaa. Nilipojua nikaenda kumpa pole. Hodi, kimya. Kesho yake, hodi, kimya. Na nilikuwa namsikia humo ndani anaongea. Nikasema labda ana mgeni. Halafu nikasikia vizuri, anaongea na hawa paka, anawaambia alivyoshinda kazini. Hata kabla ya hapo, yule mumewe alipoondoka usiku na godoro lake kwenye bajaji, mimi ndiye niliyemwona, si mwingine. Nikaenda asubuhi yake. Hodi. Kimya." Akakata uzi kwa meno. "Wewe ulivyokuja ukasema karibu, nikasema huyu mama amekuja kuufungua huu mlango. Siku ya pili, ngoja."

Nikashika pembe ya gunia nikaanza kuvuta.

Akaniona. Akasimama, akaweka sindano, akasema, "Sumu nimeitega kona tatu. Baba, mweke kuku wako chini, uje huku kwenye mzigo. Mama, wewe usishike kitu, mimi ndiye najua nilipotega." Akatoa vile vifuniko vya ndoo vyenye sumu ya rangi ya waridi kimoja kimoja. Viwili vilikuwa vizima. Cha tatu kilikuwa kimeliwa nusu. Akakiangalia, akakifunga kwenye mfuko.

Tulihamisha magunia ishirini na tisa. Baba yako na goti lake. Balbina anavuta mbele, mimi nasukuma nyuma, vumbi la mpunga linatuwasha shingo, na kila gunia likitoka naita Wino, Wino, kisha tunanyamaza tusikilize. Gunia la mwisho ukutani ndipo tulipoyaona macho. Alikuwa amejikunja, na panya mdomoni.

Nikamwambia achia. Akanguruma. Nikapiga magoti, nikamshika taya kama anavyoshikwa mtoto aliyemeza kifungo, nikamtoa panya. Alikuwa mzima, hajaanza kumla, ila hatukujua kama ndiye wa kwanza au kabla yake amekula mwingine. Na hatukujua panya yule ameionja sumu au hapana.

"Mpe maziwa," baba yako akasema.

"Maziwa hayasaidii," Balbina akasema. "Mpeleke ndani, akae palipo giza, umtazame. Tangawizi alianza kuyumba siku ya pili."

Nimempeleka. Amelala kwenye khanga yangu. Nimemaliza kuandika, nakwenda kukaa naye.

Jumapili, 18 Mei

Yuko hai. Amekunywa maji. Hatukwenda misa.

Jumatatu, 19 Mei

Leo ndiyo siku ya pili. Nimempitisha kutoka kitandani mpaka mlangoni mara nyingi kuona kama anayumba. Hayumbi. Balbina amekuja mara tatu kuuliza. Hasemi hodi, anabisha kwa kucha kwenye bati la dirisha, mimi nafungua dirisha.

Jumanne, 20 Mei

Amekula. Ugali na kichwa cha perege, akalamba sahani akaisukuma mpaka ukutani. Nilimpigia simu baba yako, ambaye ameondoka alfajiri kurudi kwenye mavuno, nikamwambia amekula. Akasema ashukuriwe Mungu, na goti limevimba, na wewe unarudi lini.

Nyumba imekuwa kubwa tena baada ya yeye kuondoka. Nimeweka kiroba cha mchele kwenye kiti chake.

Jumamosi, 24 Mei

Balbina alikuja, nikamfungia Wino chumbani kwanza, naye akangoja bila kununa, amekaa kwenye ngazi anamenya chungwa. Akaingia. Ana neno, nikamwona.

"Tangu siku ile panya wamepungua," akasema. "Nimeokota watatu wamekufa, wana meno ya paka shingoni. Zile dakika chache alizokaa humo. Sumu usiku na mchana iliua wawili."

"Ni kazi yake," nikasema.

"Basi mpe kazi. Asubuhi uniletee, jioni nikurudishie. Mimi sumu sinunui tena, na mlango wa bati nitauziba pale chini asitoke. Mzee Hermenegildi yeye anatumia mitego tu. Wengine wa mtaa huu mwaka huu hawana mpunga ndani. Mwenye sumu ni mimi."

"Paka si wangu."

"Najua si wako. Muulize mwenyewe. Lakini mama, nisikufiche. Jumamosi ijayo naingiziwa mzigo wa mpunga kutoka Michenga, lori zima, magunia mia. Nimekopa kuununua. Bila paka nitatega sumu, na nitatega nyingi, siwezi kuwalisha panya. Nikitega, hata ukiweka ndoo kumi mlangoni, siku moja utasema karibu."

Hakusema kwa ubaya. Ni kweli, nitasema.

Jumatatu, 26 Mei

Nimekupigia mara tisa. Mteja unayempigia hapatikani.

Anold amepita leo kusema kesho asubuhi anaondoka kuja huko, na Ijumaa anarudi. Nilitaka kuchana kurasa nyingine kabla sijampa daftari, ile ya Matawi, na ile ya soksi za Joshua, na aliyoyasema Balbina. Nimekaa na daftari jioni yote. Kila nikishika ukurasa naona nyuma yake nimeandika walichokula na walivyojisaidia, nawe uliniambia hayo yasikosekane. Basi vimekuja vyote pamoja. Usikasirike. Na kama utakasirika, kasirika ukiwa umesoma.

Nikuambie mimi naona nini, ingawa hukuniuliza. Nimekaa nyuma ya mlango huu miezi miwili na nusu, na nina mume anayepiga simu, na bado nimeongea na Tui mpaka sauti imekauka. Wewe umekaa miaka miwili. Nilidhani unawafungia paka. Mwanangu, mimi ni mama yako, mtu akikuacha unakuja kwangu Mbingu, unakaa jikoni, hakuna atakayekuuliza.

Lakini Wino ni wako. Sitamtoa bila neno lako, hata Balbina akinuna tena, hata nikirudi kungojeshwa juani. Tangawizi ulimzika mwenyewe, mimi sikuwepo. Kama ukisema hapana, nitaziba kila tundu, nitalala na miguu mlangoni.

Jumanne, 27 Mei

Anold amefika, gari linanguruma nje, nampa daftari kwa dirishani kwa sababu Wino yuko karibu na viatu na lile sikio limesimama. Balbina anakusalimu, amesema niandike hivyo, anakusalimu na hana kinyongo. Tui anakusalimu. Baba yako na goti.

Nijibu haraka. Mpe Anold karatasi, au panda huko kilimani upige hata dakika moja, sema tu Wino aende au asiende. Usiseme mama amua wewe. Neno lako linifikie Ijumaa, lori la Michenga linaingia Jumamosi asubuhi.